Samaki Waliokufa Kwenye Simu

Asubuhi hiyo Zakaria aliua samaki wengine. Aliwaua akiwa ameketi kwenye kigoda, kikombe cha chai mkononi, wala hakulowa hata kidole. Alifungua simu, akagusa pale pa kuandika samaki waliokufa, akaandika ishirini, akabonyeza. Alama ya kijani kando ya jina la bwawa la pili ikageuka nyekundu. Akaiweka simu gotini na kuikodolea macho.

Haikuchukua muda ikalia.

"Papa! Ishirini? Maji iko namna gani?"

"Maji iko... iko tu. Sijue. Weye, umekula?"

Huyo alikuwa Malika, bintiye wa pekee. Alikuwa Lubumbashi, katika kampuni inayotengeneza programu za kusimamia ufugaji wa samaki, na yeye mwenyewe ndiye aliyemwekea baba yake programu hiyo baada ya arobaini ya mama, kabla hajapanda ndege. Kila asubuhi Zakaria alitakiwa kuandika chakula alichowapa samaki, hali ya maji, na waliokufa. Mambo yakiwa shwari, alama inabaki kijani. Yakiharibika inakuwa nyekundu, na kule Lubumbashi simu ya Malika inapiga kelele.

Tatizo ni kwamba Zakaria alijua kufuga. Hapo kwake Lubunga tilapia walinenepa, maji hayakunuka, alama ikakaa kijani wiki baada ya wiki, na wiki baada ya wiki Malika hakupiga. Angepiga ya nini? Simu imesema baba ni mzima. Na Zakaria naye, mtu mwenye ndevu nyeupe, hakuweza kupiga. Kwao mtoto ndiye anayempigia baba kumjulia hali. Baba akitangulia, watu hudhani kuna msiba. Halafu angesema nini? Kwamba nyumba imekuwa kubwa mno? Kwamba bado anaponda ndizi za lituma ya watu watatu kwa mazoea, akala peke yake mpaka ikamshinda? Pa kuandika mambo hayo hapakuwepo kwenye programu. Alitafuta.

Kisha ikaja mvua moja mbaya, tope likaingia bwawani, na samaki kadhaa wakafa kweli. Zakaria akaandika ukweli. Kabla hajafika mlangoni simu ikalia, wakaongea mpaka betri ikakata: kwanza maji, kisha chakula, kisha jinsi marehemu mkewe Hadidja alivyokuwa akiwagombeza samaki kwa ulafi wao. Malika alicheka, na kicheko kilikuwa cha mama yake mtupu. Zakaria alilala vizuri usiku huo. Kulipokucha, vidole vikaanza kumwasha.

Ndivyo alivyogeuka muuaji. Leo watano, kesho kutwa dazeni nzima. Malika alihangaika masikini, akamwambia abadilishe maji, apunguze pumba, atenge wagonjwa. Zakaria aliitikia ndiyo kwa yote na hakufanya hata moja. Aliona haya, tusimwonee. Lakini haya hiyo iliyeyuka kila aliposikia "Papa" likitoka kwenye kile kisimu chake.

Kitu kimoja hakukifikiria: programu inajua kutoa hesabu. Samaki walioandikwa mwanzoni walikuwa na idadi yao, naye alikuwa akiwapunguza bila huruma. Asubuhi moja akaandika wafu wake kama kawaida, simu ikakataa. Alijaribu tena, ikakataa tena: mabwawa ni matupu, na samaki asiyekuwepo hawezi kufa. Alama zote zilikuwa kijivu, na alama ya kijivu haimlilii mtu. Huko nje marehemu wenyewe walikuwa wakirukaruka wakidai pumba zao.

Simu ikanyamaza. Zakaria alianza kutembea nayo hadi msalani. Alimkumbuka mwanawe mpaka kifua kikamuuma, kweli kabisa, upande wa kushoto. Mara mbili alifungua jina lake, akabonyeza, akakata kabla haijaita.

Ijumaa, aliporudi kutoka msikitini, alimkuta Malika amesimama mlangoni. Amekumbatia mfuko wa plastiki uliojaa hewa na maji, na ndani yake vifaranga vya samaki vilikuwa vikizunguka.

"Niliona zote zimekufa," Malika akasema. "Niliogopa kupiga simu, Papa. Nilisema, sasa iko analia. Alors nimekuja. Naleta alevins, tuanze upya."

Binti yake alikuwa ameshaelekea mabwawani. Alisimama juu ya tuta, akaona maji yanatikisika, akachota pumba kwenye ndoo na kurusha. Maji yakachemka kwa samaki.

"Papa. Hii ni nini?"

"Samaki."

"Ile ilikufa?"

"Ilikufa mu telefone tu."

"Mais sababu gani?"

Zakaria aliangalia miguu yake.

"Ikikufa, unapigaka simu."

Malika aliketi kwenye tope na nguo zake za safari, mfuko mapajani, akalia. Alipomaliza kulia akamgombeza baba yake vizuri sana, kama mama yake alivyogombeza samaki, na Zakaria akasikiliza kila neno kwa furaha. Vifaranga wakavitia kwenye bwawa la tatu. Wakala lituma, na safari hii haikubaki.

Jioni Malika aliichukua simu ya baba yake, akarudisha samaki wote, kisha akafungua bwawa la nne. Jina lake akaandika "Papa".

"Kila asubuhi utaweka. Kama uko malamu, uko mzima tu, unaacha kijani. Kama unaniwaza, unaweka rouge. Hata kama hakuna kitu ilikufa."

Jumatatu alivuka mto kwenda mjini kuifuata ndege. Zakaria alimsindikiza hadi mtoni, akamkabidhi mkoba wake, akasimama ukingoni. Mtumbwi wa mota ukaondoka. Ulipofika katikati ya mto, Zakaria alitoa simu mfukoni, akafungua bwawa la nne, akabonyeza nyekundu.

Kule majini mtu mmoja akainamia mkoba wake. Simu mkononi mwa Zakaria ikalia.

"Papa! Hata ng'ambo siyafika bado!"

"Najua," Zakaria akasema. "Niko nakuona."