Nafasi Wazi

Kamati ya wakazi hukutana kila Alhamisi saa nane mchana, katika chumba cha nyuma cha kanisa, juu kidogo ya soko la Runyenjes. Watu watano, meza moja, chupa ya chai. Kazi yao ni kupitia maombi ya ujenzi kabla hayajapelekwa kaunti: nani anataka kuongeza ghorofa, nani anataka kukata shamba la kahawa liwe ploti. Mwenyekiti ni Mwalimu Njue, ambaye alistaafu lakini kalamu nyekundu hakuirudisha. Ombi lenye herufi iliyokosewa halipiti kwake, hata likiwa la shemeji yake.

Alhamisi hiyo faili ilikuwa ya Muthamia, mtu wa Meru aliyenunua ploti inayopakana na kwa Wawira. Alitaka kujenga ghorofa nne, chini maduka. Wawira, ambaye naye ni mwanakamati, aliutandaza mchoro mezani akaitafuta nyumba yake. Hakuiona. Pale alipoishi miaka thelathini na mmoja palikuwa na mstatili mtupu, na ndani yake mchoraji ameandika kwa mwandiko mzuri: NAFASI WAZI, MAEGESHO.

"Wazi?" akacheka. "Na mimi hulala wapi, kwa mti?"

Wote walicheka. Mwalimu Njue akaeleza kwamba mchoraji alifuata ramani ya ofisi ya ardhi, na katika ramani hiyo shamba lile bado ni la marehemu baba mkwe wa Wawira, halijagawanywa, halina jengo.

"Ni makosa madogo, Mama Mwenda. Tutaandika."

Akagonga muhuri wa kupokelewa, na kikao kikafungwa kwa maombi.

Wawira alipofika nyumbani, lango halikuwepo. Kufuli ilikuwepo, imening'inia hewani kwa kimo chake cha kila siku. Akaifungua, akapita, akaifunga.

Ijumaa zilienda kuta za jikoni. Jumamosi lilienda paa. Mabati hayakuanguka wala hayakupiga kelele. Anga ilianza tu pale yalipokuwa. Jumapili alipotoka kanisani hakukuta ukuta hata mmoja. Vitu vya kubebeka vilibaki mahali pake: makochi na vitambaa vyake, kitanda, kabati ya vyombo, ndoo za maji. Kuku waliendelea kupanda jioni na kulala kwa mstari kule juu, pale boriti ilipokuwa. Kuku hawasomi ramani.

Majirani hawakushangaa. Walisema kule Kianjokoma kinu cha kusaga unga kiliwahi kwenda hivyo hivyo, mchoraji alipokisahau, na mwenyewe akasaga wiki nzima kabla hajagundua. Watu wa bodaboda wakaanza kukata kona kupitia chumba cha kulala. Walikuwa wakipiga honi kwanza, hawakuwa na ubaya.

Wawira alikasirika. Alikasirika mpaka akaziacha nduma bila kuzimenya. Nyumba ile mumewe, marehemu Nyaga, aliijenga kwa kahawa ya misimu sita, na ndani yake wamelelewa watoto watatu. Alimpigia simu Mwenda, kifungua mimba wake, anayelima ndizi huko Mitunguu.

"Andika barua, mama," Mwenda akasema. "Ukinyamaza wamekumaliza."

Akaandika barua ya pingamizi, kurasa mbili, kwa Kiswahili sanifu kabisa, kwa sababu ya ile kalamu nyekundu.

Muthamia mwenyewe alikuja kuomba msamaha. Ni mtu mpole. Alileta mkate na sukari.

"Mama, si mimi, ni mchoraji. Lakini tukiubadilisha mchoro tunarudi nyuma ya foleni. Ni miezi minane. Na mimi nimeshaagiza mawe."

Aliyasema hayo akiwa amesimama pale mlango ulipokuwa. Alikataa kuingia kwa sababu viatu vyake vilikuwa na matope.

Alhamisi iliyofuata kamati ilikuja kukagua, kama sheria inavyotaka. Wawira alikuwa amefagia. Walipanguza viatu, wakaingia mmoja mmoja kupitia mlangoni, ingawa wangeweza kuingia kwa upande wowote, wakaketi kwenye makochi. Akawapa chai na nduma. Mwalimu Njue alimaliza kikombe cha pili ndipo akafungua fomu.

"Majengo yaliyopo," akasoma. Akatazama kushoto, akatazama kulia, akatazama juu, ambako kuku mmoja alikuwa akitaga. Akaandika: Hakuna.

"Mwalimu," Wawira akasema, "umeketi kwa nyumba yangu."

"Najua, Mama Mwenda. Tena ni nyumba nzuri. Lakini fomu haiulizi ninachojua. Inauliza kinachoonekana."

Wawira akamgeukia Gladwell, mwanakamati mwenzake na rafiki yake wa tangu ujana. "Gladwell, si ulijifungulia humu ndani, ile siku mvua ilikata barabara?"

Gladwell akalia. Alilia kweli, leso ikalowa. "Nisamehe, aki," akasema. "Faili ya kijana wangu iko hapo, ndiyo inafuata." Akatia sahihi. Wale wengine wawili pia walikuwa na faili zao kwenye rundo lile lile, na walitia sahihi bila kulia.

Mwalimu Njue akaisoma ile barua ya pingamizi yote, kalamu mkononi. Hakupata kosa hata moja, akamsifu. Kisha akaeleza kwamba pingamizi hutolewa na jirani mwenye jengo, na kwenye fomu jengo halipo. Akamrudishia barua yake kwa mikono miwili.

"Basi kama sina nyumba, mimi si mkazi," Wawira akasema akisimama. "Wacha nitoke kwa hii kamati yenu."

Hapo ndipo Mwalimu Njue aliposhtuka. "Keti, mama, tafadhali. Ukitoka tunabaki wanne, na akidi ni watano."

Wawira alibaki amesimama, akitafuta mahali pa kwenda. Lakini pale ndipo kwake, na wageni walikuwa hawajamaliza chai. Akaketi. Mwalimu akaandika: Waliohudhuria, watano. Pingamizi, hakuna.

Jumatatu asubuhi lori la mawe liliingia kinyumenyume kutoka barabarani. Dereva alikuwa mzee wa Mbeere, mtu wa heshima zake. Alishuka, akaona makochi, akaona kitanda kilichotandikwa, akamwona mama akikunja mablanketi. Akavua kofia, akasimama pale mlango ulipokuwa.

"Hodi," akasema.

Tangu aolewe, Wawira hajawahi kuiacha hodi bila jibu.

"Karibu," akasema.

Dereva akamshukuru, akarudi kwenye lori, akamwaga mawe sebuleni.