Nyota Mwishoni mwa Anwani

Kiendelezi changu cha kwanza, programu ndogo ya kukiongezea kivinjari kazi, hakikufanya kitu. Nilikipakia kwenye kivinjari, alama yake ikatokea juu kulia, nikafungua ukurasa wa bei za mazao nikasubiri. Kimya. Nilirudia kusoma nilichoandika, mstari kwa mstari, hadi chai ikapoa. Kosa lilikuwa dogo. Katika faili linalokiambia kivinjari ni kurasa zipi kiendelezi kinaruhusiwa kugusa, nilikuwa nimesahau kuweka nyota mwishoni mwa anwani. Nyota maana yake ni chochote kinachofuata hapo. Nikaiweka, nikapakia upya. Mbele ya bei ya kilo ya maharage ikatokea bei ya debe.

Nilikiita Debe. Sikusomea kompyuta, nilijifunza kwa kujaribu na kukosea. Ila hesabu ya debe sikuibahatisha. Nilipima maharage ya njano, nikapima na yale mekundu, kwa mizani ya Mama Debora, katibu wa kikundi cha wakulima hapa Sumbawanga. Wanachama wake wa kijijini Ilemba wakiambiwa bei ya kilo wanamtazama tu. Wakiambiwa debe, wanaanza kubishana.

Siku nilipotaka kukiweka kwenye kompyuta ya ofisi yake, Mama Debora alivua miwani.

"Hakitaiba mambo ya watu?"

"Kinagusa tovuti moja tu, mama. Ile ya bei."

"Mimi mashine siijui, Hilaria. Ninakujua wewe. Weka."

Wengine nao wakakitaka, nami nikachoka kuzunguka na flashi. Ili kipatikane kwenye duka la viendelezi mtandaoni, ilitakiwa akaunti iliyosajiliwa kwa kadi ya benki. Sikuwa na kadi. Basil alikuwa nayo. Tulisoma darasa moja, na ndiye aliyekaa nami nilipokwama kwenye desimali.

"Weka kwenye akaunti yako," nilimwambia.

"Kwa jina langu? Huogopi nitakimbia nacho?"

"Ukimbie nacho wapi, na upepo huu wa Sumbawanga?"

Tukacheka, akakiweka, nami kwenye kompyuta ya Mama Debora nikakiweka upya kutoka dukani. Kwetu Ufipa, anayekuja kukusaidia kufukia majani kwenye matuta haandikishiani na mtu. Unampikia, anakula, na siku yake ikifika unakwenda na jembe lako. Nilidhani na hili ni shamba.

Basil akapata kazi Dar es Salaam, kampuni ya matangazo. Nilimpongeza kwa moyo mweupe.

Kisha Mama Debora akanipigia simu, sauti yake ikiwa chini. "Njoo."

Nilimkuta peke yake ofisini, viti vya mkutano bado vimeukabili ukuta ambako huwa anawaonyesha wanachama bei kwa projekta. Shikamoo yangu aliiitikia bila kunitazama. Akageuza kompyuta. Pale pale nilipopaandaa kwa bei ya debe, palikuwa na tangazo la dawa ya kisukari. Chini yake, jingine.

"Wameliona wote," alisema. "Mmoja akauliza kwa Kifipa kama maharage yetu siku hizi yanatibu sukari. Wakacheka. Baadaye wakanitazama, wakaacha kucheka."

Sikumwelewa haraka.

"Nimeambiwa hospitali mwezi huu. Sijamwambia hata mume wangu. Nilikuwa nasoma humu, mlango nimefunga, niambiwe nile nini."

Nilifungua folda ya kiendelezi. Faili lile la ruhusa nalijua kama kiganja changu. Anwani ya tovuti ya bei haikuwepo tena. Mahali pake palikuwa na nyota tupu: tovuti zote, kila ukurasa. Na katika faili jingine kulikuwa na mistari ya msimbo nisioujua, unaopeleka kila anachosoma mtu mahali nisipopajua.

"Hakikuomba ruhusa, mama? Kikibadilika hivi kivinjari hukizima, kinauliza kwanza."

"Kiliuliza. Nikaona ni Debe, nikasema ni mtoto wangu Hilaria. Nikakubali."

Nilitoka nje kumpigia Basil. Nilitaka kwanza nimsikie. Huenda akaunti yake ilidukuliwa.

"Mambo, Hila!"

"Poa. Basil, Debe limebadilika."

"Ah, umeliona! Limekua, siyo?"

Nilikuwa nimemwandalia sababu nyingi. Hakuhitaji hata moja.

"Linasoma kila ukurasa."

"Ni takwimu tu, mshikaji. Hakuna anayemwangalia mtu."

"Mama Debora ameangaliwa. Na kikundi kizima."

Upande wake nilisikia watu wakiongea, kiti kikisogezwa. "Sikiliza. Walinichukua kwa sababu ya Debe. Ningewaambia si langu? Na wewe mwenyewe ulisema niweke kwa jina langu."

"Nilisema."

"Basi sasa?"

"Ungeniuliza, Basil."

"Ungekataa," alijibu, kwa upole kabisa, kama mtu anayenisaidia tena kwenye desimali.

Nilirudi ndani. Niliandika malalamiko kwa wenye duka, wakajibu kwamba wameyapokea. Kukibadilisha kile cha dukani sikuweza. Mlango ulikuwa wa Basil. Nilichoweza ni kubonyeza Ondoa kwenye kompyuta ile. Alama ikatoweka. Bei zikarudi kuwa za kilo.

"Mama, nakala ya mwanzo ninayo," nilisema, flashi ikiwa mkononi. "Ile ya tovuti moja. Nikuonyeshe ndani yake, mstari kwa mstari, kisha nikuwekee."

Hakuwa na hasira, na hilo ndilo nililoshindwa kulibeba.

"Hata ukinionyesha, nitaona nini mimi?" alisema. "Nilikuwa nakuona wewe."

Alivuta kikokotoo kutoka kwenye droo, akavaa miwani, akaanza kuzidisha bei ya kilo mwenyewe. Hakukumbuka debe la maharage mekundu lina kilo ngapi. Nilimtajia. Aliinuka, akachukua debe tupu, akaenda kulipima upya.