Siku Radi Alipokunja Mikono

Mshauri wa wafungwa alikuwa bado anapekuliwa mkoba kwenye lango la gereza pale askari wa zamu ya asubuhi alipomjia mbio, kofia mkononi.

"Mama, hutaamini! Radi hakupiga mtu!"

"Kwani nani kamchokoza?"

"Askari mwenzangu kaimwaga chai ya Radi makusudi, kisha kamcheka mbele ya foleni nzima. Sote tukajua leo ni leo. Radi katetemeka weee, kakunja mikono kwapani, kaenda zake!"

Mshauri alipiga makofi kwa furaha. Radi huyu huyu, aliyefungwa miaka saba kwa kumvunja mtu taya, kisa kachekwa!

Alimkuta ameegemea ukuta, jasho likimtiririka.

"Uliwezaje?"

"Nilijiuliza kama ulivyotufundisha: ninayemwona hapa ni nani? Kumbe ni baba, Mama. Baba alikuwa akimwaga chakula changu sakafuni, kisha anacheka mpaka nikiokote. Watu wote niliowapiga, nilikuwa namtafuta yeye." Akacheka huku machozi yakimlengalenga. "Nataka niwaambie wenzangu leo leo!"

Mshauri akapanda ngazi mbili mbili mpaka kwa mkuu wa gereza. Miezi minane ya darasa la kutuliza hasira, wanaume kumi na mmoja, na sasa hili! Alieleza kwa pupa, hata kuvuta pumzi alisahau.

"Kwa hiyo mtu hakupiga mtu," mkuu alisema bila kuinua macho. "Ndiyo habari hiyo? Afadhali umekuja. Kile chumba chako, kuanzia leo ni stoo. Tumeletewa virungu vipya, maboksi arobaini."

"Na darasa langu?"

"Bajeti ni ya ulinzi, mama. Soga hazina fungu."

Aliteremka mpaka darasani. Maboksi yalikuwa yamekwisha kupangwa mpaka darini, na wanafunzi wake wamesimama mlangoni wakimtazama yeye.

"Toeni mabenchi," akasema.

"Tuyapeleke wapi, Mama?"

"Uani. Chini ya dirisha la mkuu."

Askari wa zamu alitazama huku na huku, kisha naye akashika ncha ya benchi la mwisho. Jua la saa nne liliwachoma utosini, hakuna aliyelalamika. Radi akasimama.

"Mimi, baba yangu…" alianza.

Juu yao dirisha likafungwa kwa kishindo.

Radi akapaza sauti.