Boksi la Mkunga

"Mama, boksi liko wapi?"

Mkunga mstaafu alimtazama bintiye, kisha akaitazama skrini aliyoivisha blanketi kama mtoto mchanga. "Boksi la nini tena? Kitabu changu kimo humu. Si kila siku nakiona hapa hapa?"

Binti alikaa sakafuni bila kutafuta kiti. Miaka tisa mama yake alikuwa akiandika habari za wazazi aliowazalisha, nakala moja tu, hana nyingine. Kompyuta ilipoanza kusema imepitwa na wakati, fundi wa mjini alishauri itupwe. Binti akampigia mama simu: usitupe kitu, upo mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, huria, wa bure, mwepesi kwa mashine kongwe. Tena unaweza kuuonja kutoka kwenye flashi bila kufuta hata herufi moja. Leo amekuja na flashi yake, na mashine hakuna.

"Lile la kelele nimempa jirani mchomeleaji," mkunga alisema. "Nilidhani ni injini tu."

Tusimcheke, wanaodhani hivyo ni wengi. Alipoelezwa kuwa kitabu kimo ndani ya lile boksi, si kwenye skrini, moyo ulimlipuka paa, akatoka na ndara za kuogea.

Boksi walilikuta juu ya meza ya karakana, limeungwa na televisheni, linakwenda mbio kuliko lilivyowahi. Binti aliutambua mfumo ule ule aliokuja nao. Ukisimikwa ovyo ndani ya mashine, hufuta vyote vilivyomo.

"Umeshausimika?" aliuliza.

"Niliogopa, dada. Shemeji yangu alinipa flashi, nikabonyeza pale pa kujaribu tu." Mchomeleaji akainamisha kichwa. "Ila kitabu nimekiona. Nisamehe mama, nimekisoma. Nimefika sura ya saba."

Mkunga alipigwa na butwaa. Hakuna aliyewahi kusoma hata ukurasa mmoja, hata huyu binti yake. Alitaka kumfokea, na papo hapo alitamani kujua kama kimempendeza.

"Yule mtoto aliyezaliwa kimya," mchomeleaji aliendelea, "ukampulizia pumzi mpaka midomo yako ikafa ganzi. Sijamaliza, lakini roho haitulii. Alipona?"

Mkunga alimwangalia kifua chake kipana kikipanda na kushuka.

"Unaniuliza mimi?" alisema. "Kamuulize mama yako."