Mtoto wa Sikio

...na picha ndiyo imeganda tena, uso wa Hind umejaa kioo kizima, pua imetanuka, jicho moja limefumba nusu, na mie nimekaa hapa na vidole juu ya kinanda nnangoja, nusu ya kazi hii ya kufundisha kinanda kwenye mtandao ni kungoja, sauti inakuja vipande vipande kutoka Muscat, "...Bi Ulfat, sie huku twakuona vizuri, ni wewe tu...", huyo Rasha, mama yake, naam, nnakusikia Rasha, nasema, picha yenu ndiyo ilosimama, tungoje kidogo, na mgongo unaniuma, mtoto wa sita huyu tangu asubuhi na bado wawili baada ya magharibi, na chini ya dirisha wageni wanaoneshwa mlango wa jirani, kila siku mlango ule ule, maelezo yale yale, yule anayewatembeza naye lazima kashachoka, sauti yake naijua kuliko ya ndugu zangu... na pembeni mwa kioo fomu ya Nadra iko wazi, ripoti ya miezi mitatu, jina, Hind, umri, miaka sita na miezi minane, namna anavyojifunza, halafu vijisanduku vitatu, macho, sikio, mikono, chagua kimoja, thibitisha. Nadra ndiye msimamizi wetu, yuko Dar, hatujaonana hata siku moja, ananiletea sauti za dakika tatu tatu kwenye simu, "Mwalimu Ulfat, kimebaki kimoja tu hicho, bonyeza sikio tumalize," na kweli kila mtu anajua Hind ni mtoto wa sikio, mie ndiye nilomwandika hivyo wiki ya kwanza, mie ndiye nilojisifu naye, na akishathibitishwa ndiyo basi, anahamishiwa darasa la sauti tupu, hakuna kadi za rangi, hakuna nota za kusoma, atasikia atarudia, atasikia atarudia, na hapatakuwa na mtu wa kumwambia tena Hind tazama hapa, na wallahi nataka kubonyeza, nshachoka, nibonyeze nikaoge ninyooshe miguu, lakini kidole tangu asubuhi hakiendi, nakipeleka nakirudisha, nakwenda kuchemsha chai, narudi, fomu iko pale pale.

"Hind, hebu toa uso kwenye kioo, unakipaka mate," anasema Rasha, halafu anacheka, "basi tu, Bi Ulfat, anavyokupenda huyu, kila somo anataka kukubusu," na mie miezi mitatu nnaamini nabusiwa, sina mtoto mie, mtoto akinisogezea uso namna ile moyo unalainika, shikamoo Mwalimu, marahaba mwanangu, na uso huo unakuja, unakuja mpaka naona kope, sikujiuliza hata siku moja... nikimwambia gonga kitufe chenye kibandiko cha kijani ananijibu cheza kwanza, Mwalimu, nikimwambia hesabu vidoti kwenye kadi, cheza kwanza, Mwalimu, nacheza wimbo mara moja tu ananirudishia wote, mpaka na makosa yangu, siku ile kidole changu kiliteleza na chake kikateleza pale pale, nikacheka mpaka machozi, nikamwambia Rasha mashaallah, kichwa hicho, na Rasha akapeleka habari Bububu kwa mabibi zake wote, Idi atawapigia kinanda, washashona nguo. Na picha ikiwa inakwenda mambo yanapita, mtoto anacheka, anageuka, nani ataona, lakini sasa imesimama, na mie sina cha kutazama ila jicho hilo, limekunjwa hivyo, kwa bidii, si jicho la mtu anayebusu, na jicho hilo mie nalijua, nshalala nalo chumba kimoja... Mbarouk. Ya Rabi, Mbarouk ndugu yangu, na juzuu yake puani, mie nina miaka tisa yeye sita, chuo cha Kurani kwa Mwalimu Kificho, mtaa wa Malindi, mkeka mmoja watoto ishirini, Mwalimu anasoma sie tunaitikia, tunayumba mbele na nyuma, na Mbarouk anahifadhi kabla ya wakubwa wake, Mwalimu akiita watu wapitao njiani waje wamsikilize, na siku moja kashika juzuu juu chini, watoto wakaanguka kwa kicheko, Mwalimu naye akacheka, akasema huyu hata kitabu hakihitaji, mwacheni, na mama alipoambiwa alifurahi akapika kaimati. Mie sikucheka. Mie nlikuwa najua, au nlijua nusu, maana tukirudi nyumbani alikuwa ananiambia dada nisomee, nisomee kwanza, nami nasoma, yeye anarudia, na nlipenda, hilo ndilo, nlipenda kuombwa, nlipenda kwamba kile kichwa kinachosifiwa mtaa mzima kinapita kwangu kwanza. Mara moja tu nlisema, mama anachambua mchele, nikamwambia mama, Mbarouk haoni vizuri, akaniangalia, akasema usinchurie mwanangu, usimwitie balaa, kwa sauti ndogo tu, hakunipiga wala nini, na mie nikafunga mdomo, nikaufunga miaka sita, jamani, miaka sita, yeye anachapwa skuli kwa kutonakili ubaoni na mie niko darasa la mbele yake najua. Alipopimwa ana miaka kumi na miwili, ubao wa herufi ukutani, daktari akamwambia mama jicho hili limezoea kulala, lingeamshwa mapema, kabla ya miaka saba, minane, sasa tutampa miwani ya hili lilobaki. Mama alilia njia nzima. Mie sikulia, nlikuwa nahesabu miaka.

Sasa yuko Kidichi, anawatembeza wageni mashamba ya viungo, anawanusisha majani, anawachekesha, hodari, watoto wanne, na ukimjia kwa kushoto anashtuka, mtu mzima wa miaka arubaini na tatu anaruka, halafu anajicheka, na hajanilaumu, atanilaumu vipi, hajui kama nlijua... Hind, miaka sita na miezi minane, imeandikwa hapo, mie mwenyewe nimeiandika. Na labda sivyo. Labda mtoto anapenda tu kusogea, watoto wangapi wanasogea, labda nimechoka na namwona Mbarouk kila pahala, na Rasha atasema nini, atasema lile lile la mama, umemsifu miezi mitatu leo unamtia kasoro mwanangu, atampeleka kwa mwalimu mwengine, na Nadra atasema Mwalimu sisi si madaktari, sisi tunajaza fomu, na kweli, mie si daktari, mie mpiga kinanda wa Mkunazini mwenye mgongo mbovu, nibonyeze sikio, si ndiyo kweli yenyewe, ana sikio, mashaallah, hakuna uongo hapo, na uongo wangu wa kwanza nao haukuwa uongo, nlinyamaza tu. "Halo, Bi Ulfat, bado upo?" Nipo, Rasha. Picha haitikisiki. "Sie twakuona," anasema, "umekaa tu hapo, unatutazama." Rasha mwanangu, nasema, hebu mrudishe Hind nyuma, mkalishe kwenye kochi, mbali na kioo. "Kuna nini?" Mchezo tu, nasema, na huu nao uongo, lakini nautaka huu, nasikia miguu mitupu ya mtoto sakafuni, nasikia kochi, nasikia Rasha anamwambia kaa vizuri umtazame Mwalimu, na mbele yangu Hind bado yuko pale pale puani pangu na jicho lake limefumba nusu, nazungumza na mtoto ambaye simwoni, haya, nnainua mkono, vidole vitatu, navipeleka karibu na kamera, Hind, mwanangu, Mwalimu ameonesha vidole vingapi?

Wageni chini wameshaondoka. Rasha anacheka kidogo, "sema, Hind, si unaviona hivyo," na nnaomba aseme vitatu, nnaomba kwa moyo wote niwe nimekosea, niwe mzee mwenye wasiwasi, aseme vitatu nibonyeze nikaoge, nasikia anavuta pumzi, halafu anasema, kwa furaha, kama mtu anayejua mchezo unavyochezwa, "Vigonge kwanza, Mwalimu, ntakwambia." Na kicheko cha Rasha kinakatika. Mkono wangu uko juu, vidole ni vitatu, kinanda kiko hapa chini yake na sikigusi, kile kisanduku cha sikio kitupu na kitabaki kitupu, "Bi Ulfat," Rasha anasema, sauti nyengine kabisa, "Bi Ulfat?" na picha imeganda vile vile, na nyuma kabisa, kutoka kwenye kochi, mtoto anauliza, "Mama, mbona Mwalimu hagongi?"