Sehemu ya Nane

Sindano ya gunia ilimchoma Cresensia kidole kwa mara ya tatu, na mara hii hata hakusonya. Alikuwa anasikiliza gari.

"Bado, Bibi," alisema Piusi kutoka dirishani. "Ni lori la vitunguu."

"Lori la vitunguu lina adabu, lisingenitisha hivi. Angalia vizuri."

Nje, ukungu wa Julai ulikuwa umeikalia Karatu kama mgeni asiyejua kuaga. Ndani ya maktaba, chumba kimoja nyuma ya soko, watoto kumi walikuwa wamekaa kwenye mabenchi kimya kabisa. Ukimya huo Cresensia aliupigania miaka mitatu bila kuupata. Leo alipewa bure, na haukumfurahisha hata kidogo.

Kazi yake ilikuwa kudeki. Lakini tangu Lilian, mkutubi, aende kwao Mbulu kujifungua, funguo zilibaki kwa Cresensia, na pamoja na funguo ikabaki klabu ya kusoma ya Jumamosi: watoto kumi na mmoja, wa miaka kumi mpaka kumi na minne. Wafadhili wa Arusha waliahidi kuwaletea kitabu cha hadithi, nakala kumi na moja. Ikaja moja.

Jumamosi ya kwanza watoto waliigombea mpaka mmoja wao, Sakaya, akapasuka mdomo. Jumamosi iliyofuata Cresensia alikuja na kisu. Alikichinja kile kitabu kama mbuzi wa sikukuu. Alipasua mgongo, akagawa sehemu kumi na moja, akashona kila sehemu kwa uzi wa bluu wa gunia, na kila mtoto akaondoka na nyama yake. Mwenye kichwa alisimulia wiki ya kwanza, mwenye shingo wiki ya pili, na kuendelea hivyo kuelekea mkiani. Kuchungulia sehemu ya mwenzako ilikuwa marufuku. Watoto ambao zamani ungewatafuta kwa fimbo wakaanza kufika kabla mlango haujafunguliwa.

Utamu ulidumu wiki saba. Jumanne ikaja barua. Mkaguzi wa wafadhili atafika Jumamosi saa nne. Kila kitabu kitahesabiwa. Maktaba itakayokutwa imeharibu kitabu itanyang'anywa vitabu vyote. Cresensia, kwa darasa lake la saba la zamani, aliisoma barua hiyo mara nne, akitumaini kwamba mara ya nne ingesema kitu kingine.

Tangu siku hiyo usingizi ukija, unakuja na lori tupu limeegeshwa mlangoni, na watu wawili wanabeba makabati. Alituma habari kwa kila mtoto, sehemu zikarudi moja moja. Kumi. Sehemu ya nane ilikuwa mbali, kijijini Oloipiri. Nailantei, aliyekaa mjini kwa shangazi yake ili asome, alikuwa amekwenda kwao likizo nayo ikiwa kwenye mkoba, na basi lingemrudisha Jumatatu.

"Bibi, tutafungwa?" aliuliza Sakaya.

"Wewe hawakufungi. Watanifunga mimi. Na nasikia maharage ya jela hayaivi, sasa sijui na meno haya manne itakuwaje."

Alipokuwa akiziunganisha zile sehemu kumi uzi ukatoka kwenye tundu la sindano, na ikabidi Piusi amtungie upya. Akabandika jalada kwa gundi ya unga wa ngano, akakikandamiza kitabu kwa kiwiko. Kwa mbali kilifanana na kitabu. Kwa karibu kilifanana na mgonjwa aliyetoka kupasuliwa.

"Bibi! Gari jeupe!"

Alikisukuma kati ya kamusi mbili nene, akashika fagio la kudekia kama mtu anayeshika mti asisombwe na maji.

Mkaguzi aliitwa Josephati. Alikuwa kijana mwembamba mwenye sweta la kijivu, na kwapani alikuwa na ubao wenye fomu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Pole na baridi." Sauti ilimtoka nyembamba, kama ya binti anayeposwa.

Josephati hakuwa na haraka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi. Alitoa kitabu, akakifungua, akakikung'uta, akakirudisha, akatia alama. Kingine. Kingine. Cresensia alimfuata nyuma akipangusa mahali palipokuwa pameshakauka. Sitini. Themanini. Kamusi ya kwanza.

Mkono wa Josephati ulisimama.

"Mama, hiki kimepatwa na nini?"

"Panya, baba."

"Panya."

"Panya wa huku ni wakubwa. Wanashuka kutoka msituni."

Josephati alipitisha kidole gumba juu ya uzi wa bluu, taratibu, mshono kwa mshono. "Na wanajua kushona?"

Piusi aliangua kicheko, akakizima kwa mkono wa sweta. Cresensia hakugeuka kumkemea. Aliketi kwenye benchi.

"Nimekikata mimi," alisema. "Kwa kisu changu cha mboga. Kilikuwa kimoja na watoto ni kumi na mmoja. Andika jina langu hapo, Cresensia, darasa la saba. Vitabu waachie."

Josephati alifungua kalamu, akaielekeza kwenye fomu, kisha akaanza kufunua kurasa ili ajue zimepotea ngapi. Tisini na sita. Iliyofuata, mia moja kumi na tatu. Alirudi nyuma. Midomo yake ilianza kucheza, akisoma. Chini ya ukurasa wa tisini na sita binti aitwaye Zawena alikuwa amejificha ndani ya ghala la mtemi, na mlinzi ameshaweka mkono kwenye komeo. Juu ya ukurasa wa mia moja kumi na tatu Zawena alikuwa kwa bibi yake akinywa uji, mkono umefungwa kitambaa.

"Alitokaje?" aliuliza Josephati.

"Hatujui," alisema Sakaya. "Ndiyo ya leo."

"Na ya leo iko wapi?"

"Oloipiri!" wakajibu wote.

Kitochi cha Cresensia, simu yake ndogo ya vitufe, kikalia mfukoni. Alishtuka, fagio likaanguka sakafuni kwa kishindo. Alikitoa kwa mikono miwili.

"Bibi, shikamoo. Ni mimi Nailantei. Niko kilimani na mjomba Nelson, huku ndiko kuna mtandao. Leo si zamu yangu?"

Cresensia alimtazama mkaguzi. Mkaguzi alitazama kalamu yake. Hakuna aliyemruhusu na hakuna aliyemkataza. Akaweka spika, akakilaza kitochi juu ya meza.

Kwanza ulikuja upepo, kisha kengele za ng'ombe. Kisha sauti ya Nailantei, ikisoma polepole kwa lafudhi ya nyumbani kwao, kidole chake bila shaka kikifuata mstari:

"'Komeo likapanda. Zawena akakosa pa kukimbilia. Mlango ukafunguka kidogo, na katika ule mwanga akauona mkono wa mlinzi. Ulikuwa unatetemeka kuliko wa kwake. Mlinzi akainua taa, akasema…'"

Kengele zikakatika. Kitochi kikatoa mlio mmoja, kikanyamaza.

"Piga tena," alisema Josephati.

"Sina salio, baba."

Josephati akaweka kalamu chini, bila kuifunika, akatoa simu yake. "Nitajie namba."

Namba ya Nelson ilikuwa ukutani, imeandikwa kwa mkaa juu ya ndoo ya maji. Cresensia aliisoma tarakimu moja moja, akilamba midomo kila baada ya mbili. Josephati akaibonyeza, akailaza simu katikati ya kitabu kilichofunguliwa, pale palipokuwa na shimo. Vichwa kumi na kimoja vikainama juu yake, na cha kumi na mbili, chenye kilemba cha Cresensia, kikaja mwisho.

Simu ikaanza kuita.