Maumivu Hushuka kwa Kamba

Dada mtu alifika kwenye ukumbi wa kukwea moja kwa moja kutoka kazini kwenye kiwanda cha nguo, pini za kushonea zikiwa bado zimechomekwa kwenye kola, akavaa mkanda wa usalama juu ya aproni yake. Kila Ijumaa jioni ndiye aliyemshikia mdogo wake kamba, maana wenzake wa timu walikuwa na tabia ya kupiga soga huku mtu ananing'inia. Mdogo wake alikagua fundo, akapaka chaki viganjani, akaanza kuukwea ukuta. Karibu na kilele alijishikilia kwa vidole viwili kwenye kishikio chembamba, na kidole cha pete kikalia ko! Akangoja maumivu. Hayakuja.

"Kidole changu," akasema dada yake kule chini, bila kuiachia kamba.

Tabibu wa viungo alikibonyeza kile kidole cha dada, akakikunja, akakikunjua. Ule mkanda mdogo unaoubana ukano kwenye mfupa ulikuwa umekatika, jeraha linalowapata wakwea miamba tu.

"Nani alikuwa juu?"

"Mimi," akasema mdogo mtu.

"Huwa inatokea, hasa kwa ndugu wa damu. Kidole hiki kipumzike miezi miwili."

"Mimi hata ngazi ya darini sijawahi kupanda," dada mtu akasema, "leo nafungwa plasta kama bingwa." Wakacheka wote.

Kocha alikuwa amesimama mlangoni akifikiria ratiba ya mazoezi. "Basi dada atapumzika," akasema. "Wewe kijana, kesho kama kawaida."

Tabibu hakumpinga. Alichosema, huku akinawa mikono, ni kwamba maumivu ya namna hiyo hushuka tu, hayapandi. Anayetaka kuyachukua tena amfunge ndugu yake kamba, amwache ajishikilie ukutani kwa nguvu zake mwenyewe, naye asimame chini. "Ila msichelewe. Mkono uwe bado unaweza kushika."

"Nikimaliza mashindano haya tu, nakufunga kamba nayachukua," mdogo mtu akamwambia dada yake njiani. Alikuwa anasema kweli. Ndiyo maana baadaye ilimuuma sana.

Baada ya hapo mazoezi yalinoga. Wenzake walipokuwa wanalaza vidole kwenye barafu, yeye alining'inia kwenye ubao wa vidole akiwa na uzito kiunoni, huku dada yake ameshika ncha ya kamba. Walimjaribu mwenzake mmoja amshikie, na siku hiyo bega lilimuuma kijana mwenyewe hadi akakosa usingizi. Kesho yake dada alirudishwa kwenye kamba, akapokea na bega hilo. Kisha kikaja kiwiko, kisha kidole cha kati cha mkono wa pili. Tabibu alimfundisha dada kuishika kamba kwa kiganja na kuizuia kwa nyonga, na kocha akaandika maendeleo ya kijana kwa wino wa kijani.

Pale kiwandani, dada mtu alishindwa kutunga uzi, msimamizi akamhamishia kwenye kukunja mashati. Aliposhindwa kukunja akaambiwa abaki nyumbani kwanza. Alijikaza kisabuni, akasema ni likizo. Mezani mama yao alimkatia chakula vipande vidogo, na mdogo mtu akala ameinamisha macho. Mashindano yalikwisha, yakaitishwa mengine makubwa zaidi, naye akaahidi upya, kwa sauti ya chini kidogo kuliko mara ya kwanza.

Yale makubwa alishinda. Aliporudi hakupitia nyumbani hata kuweka begi. Alimpigia dada yake simu waonane ukumbini. Mama akaja naye kumfungia vifungo vya koti.

Alimfunga dada yake kamba kwa uangalifu ambao hajawahi kuutumia kwa mtu mwingine, akamchagulia ukuta wa watoto, wenye vishikio vikubwa. Dada akainua mkono, akauweka juu ya kishikio. Vidole havikukunjika. Akajaribu mkono wa pili, navyo vikakataa. Chini, mdogo wake aliikaza kamba, akangojea hata kiwiko kimchome. Mikono yake ilikuwa mizima kabisa.

"Jaribu tena, dada."

"Nimejaribu, mdogo wangu." Hakusema kwa hasira. "Nilikuwa naweza mwezi wa kwanza. Hata wa pili."

Mdogo mtu alitamani dada amkaripie, amtukane hata, apate la kujibu. Alijuta. Dada yake alikuwa ameshageuka, anamngojea amfungulie fundo, kwa kuwa mwenyewe hawezi.

Kocha, aliyekuwa amesimama kando, alikohoa. Timu ya taifa ilikuwa inaanza kambi Jumatatu, akasema, na huyu dada amefanya kazi kubwa, lakini kamba sasa ingemponyoka.

Mama akaweka mkoba wake kwenye benchi, akauchukua mkanda wa usalama wa bintiye. Alikuwa mnene kuliko bintiye, ikabidi kocha alegeze mikanda yote ya mapajani. "Nioneshe tu pa kushika," akasema. "Wewe panda, mwanangu."

Mdogo mtu alikagua fundo la mama yake. Lilikuwa sawasawa. Alijua angeweza kulifungua, wakatoka wote watatu wakaenda zao nyumbani. Akatia mikono kwenye chaki, akapanda.